Seli, Hadubini na Makundi ya Viumbe Hai

UTANGULIZI

Mkeka ukitazamwa kwa mbali huonekana kuwa kitu kimoja. Ukiusogelea, utaona kuwa umeshonwa kwa ukili, na ukili wenyewe umesukwa kwa chane nyembamba za ukindu. Miili ya viumbe hai nayo ni hivyo hivyo. Jani la mwembe, ngozi ya mkono wako na nyama ya samaki huonekana kwa macho kuwa vitu visivyo na sehemu. Lakini vyote vimejengwa kwa sehemu ndogo mno ziitwazo seli.

Katika sura hii utajifunza jinsi ya kuziona seli kwa kutumia hadubini, na jinsi ya kuwapanga viumbe hai katika makundi. Kazi hizi mbili huenda pamoja. Mtu mwenye homa anapofika zahanati, mganga hawezi kujua chanzo cha homa hiyo kwa kumtazama usoni tu. Ni lazima damu ipimwe, na kilichomo ndani yake kitambuliwe kuwa ni cha kundi gani. Anayekosea kutambua atatoa dawa isiyofaa.

1. LENZI HUKUZA VITU

Lenzi ni kipande cha kioo, au kitu kingine kinachopitisha mwanga, ambacho kimetengenezwa ili kipinde miale ya mwanga. Lenzi iliyo nene katikati na nyembamba pembeni huitwa lenzi mbinuko. Lenzi ya namna hiyo hukuza kitu kilicho karibu nayo. Unaweza kutengeneza lenzi kwa maji.

Zoezi la 1: Lenzi ya tone la maji

Vifaa: kipande cha kadi ngumu, msumari mwembamba, mafuta ya taa au ya kupikia, maji safi na kipande cha gazeti.

(a) Toboa kadi kwa msumari ili upate tundu la mviringo lenye upana wa milimita 3 hivi.
(b) Paka mafuta kidogo kuzunguka tundu ili kadi isinyonye maji.
(c) Kwa ncha ya kijiti, weka tone moja la maji katika tundu. Tone likae humo bila kuanguka.
(d) Sogeza jicho lako karibu sana na tone, kisha lete gazeti chini yake polepole mpaka herufi zionekane wazi.

Je, herufi zinaonekana kubwa au ndogo kuliko zilivyo? Tazama pia chembe za chumvi, bawa la nzi na uzi wa pamba. Chora unachokiona katika daftari lako.

Tone la maji limebinuka juu na chini, kwa hiyo hufanya kazi kama lenzi mbinuko. Hata hivyo haliwezi kutuonyesha seli vizuri. Kwa kazi hiyo twahitaji hadubini.

2. WATU WALIOTANGULIA KUZIONA SELI

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chenye michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini. Mojawapo ya vitu hivyo kilikuwa kipande chembamba cha kizibo, ambacho hutokana na gamba la mti. Hooke aliona vijisanduku vingi vilivyopangwa karibu karibu. Akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo, na kutokana na neno hilo sisi tumepata neno seli. Kizibo ni kitu kilichokufa, kwa hiyo Hooke aliona kuta za seli tu. Yaliyokuwamo ndani yalikuwa yamekwisha kutoweka.

Katika mji wa Delft, nchini Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa amesoma chuo kikuu. Alijifundisha mwenyewe kusugua vioo vidogo hadi vikawa lenzi nzuri, na baadhi ya lenzi zake zilikuza kitu zaidi ya mara 200. Alitazama maji ya ziwa akaona viumbe wadogo wakiogelea. Mwaka 1683 aliandika habari za ute mweupe alioutoa kati ya meno yake: humo pia mlikuwa na viumbe hai wengi. Viumbe hao twawaita bakteria.

Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839, walieleza kuwa mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Mwaka 1855 Rudolf Virchow alisisitiza kuwa kila seli hutokana na seli nyingine iliyoitangulia. Angalia kuwa tangu Hooke hadi Virchow ilipita miaka 190. Maarifa ya sayansi hukua kwa kazi ya watu wengi, kila mmoja akiongeza alichokiona.

3. SEHEMU ZA HADUBINI

Hadubini ya shule ina lenzi katika sehemu mbili. Lenzi ya jicho iko juu, mahali unapoweka jicho lako. Lenzi ya kitu iko chini, karibu na kitu kinachotazamwa. Mara nyingi hadubini huwa na lenzi za kitu 2 au 3 zenye nguvu mbalimbali, na huzungushwa ili kuchagua moja.

Sehemu nyingine ni hizi:
- Meza: mahali pa kuweka kitu kinachotazamwa. Meza ina tundu katikati ili mwanga upite.
- Kioo au taa: hupeleka mwanga juu kupitia tundu la meza.
- Skurubu kubwa na skurubu ndogo: husogeza lenzi au meza mpaka kitu kionekane wazi.
- Mkono na kitako: hushikilia sehemu nyingine zote.

Ili kujua kitu kimekuzwa mara ngapi, zidisha nguvu ya lenzi ya jicho kwa nguvu ya lenzi ya kitu.

Mfano: Lenzi ya jicho hukuza mara 10 na lenzi ya kitu hukuza mara 40. Kitu kimekuzwa mara 10 x 40 = 400.

Tahadhari: Beba hadubini kwa mikono miwili, mmoja ukishika mkono wa hadubini na mwingine ukishika kitako. Usielekeze kioo kwenye jua, kwa maana mwanga wake waweza kudhuru jicho. Usiguse lenzi kwa vidole.

Kumbuka pia kuwa hadubini hugeuza taswira. Ukisogeza kitu kulia, utakiona kikienda kushoto.

4. SELI YA MMEA NA SELI YA MNYAMA

Zoezi la 2: Kutazama seli za kitunguu

Vifaa: hadubini, kitunguu, wembe, slaidi ya kioo, kifuniko chembamba cha kioo, maji na iodini. Mwalimu ndiye atakayetumia wembe.

(a) Weka tone la maji juu ya slaidi.
(b) Mwalimu akishakata kitunguu, bandua ganda moja nene la ndani. Upande wake ulioingia ndani una ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Bandua kipande kidogo cha ngozi hiyo.
(c) Tandaza ngozi hiyo juu ya tone la maji bila kuikunja.
(d) Ongeza tone dogo la iodini. Funika polepole, ukianza na upande mmoja wa kifuniko, ili viputo vya hewa visibaki ndani.
(e) Anza kutazama kwa lenzi ya kitu yenye nguvu ndogo, kisha tumia yenye nguvu zaidi.

Utaona vyumba virefu vilivyopangwa kama matofali ukutani. Kila chumba ni seli moja. Ndani ya seli nyingi utaona doa la mviringo lililogeuzwa rangi na iodini. Hicho ni kiini cha seli.

Twaweza pia kukadiria ukubwa wa seli. Tuseme sehemu yote unayoiona katika hadubini ina upana wa milimita 2, na seli 8 zilizofuatana kwa urefu zimejaza upana huo. Urefu wa seli moja ni 2 ÷ 8 = milimita 0.25.

Seli ya mmea na seli ya mnyama zinafanana kwa mambo haya:
- Utando wa seli huzunguka seli yote. Huruhusu vitu fulani kuingia na kutoka, na huzuia vingine.
- Sitoplazimu ni ute uliojaa ndani ya utando. Kazi nyingi za seli hufanyika humo.
- Kiini huongoza kazi za seli, nacho huhifadhi maelekezo ya urithi ambayo mtoto huyapata kutoka kwa wazazi wake.

Zinatofautiana kwa mambo haya:
- Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando. Seli ya mnyama haina ukuta huo.
- Seli ya mmea iliyokomaa huwa na uwazi mkubwa wenye maji katikati. Seli ya mnyama haina uwazi mkubwa wa namna hiyo.
- Seli za sehemu za kijani za mmea zina umbijani, yaani klorofili, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Seli ya mnyama haina umbijani.

Tofauti hizi zina maana katika maisha yetu. Mti husimama bila mifupa kwa sababu seli zake zina kuta ngumu. Mchicha uliokosa maji hunyauka kwa sababu uwazi wa seli zake umepungukiwa maji, na seli zimelegea. Ukinyweshwa mapema, seli hujaa tena na mchicha husimama.

5. SELI MOJA NA SELI NYINGI

Viumbe wengine wana seli moja tu. Seli hiyo hula, hupumua, hukua na kuzaa yenyewe. Amiba na bakteria ni mifano ya viumbe wa namna hiyo.

Miili yetu ina seli nyingi mno, nazo zimegawana kazi. Seli za misuli hujikaza na kulegea. Seli za neva hupeleka habari. Seli nyekundu za damu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Seli za namna moja zifanyazo kazi pamoja huitwa tishu. Tishu mbalimbali hufanya ogani, kama vile moyo au ini. Ogani zinazoshirikiana hufanya mfumo.

Seli nyekundu ya damu ya binadamu ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati. Upana wake ni kama milimita 0.007. Hii ina maana kuwa seli 140 hivi zikipangwa mstari mmoja hazizidi urefu wa milimita 1. Katika tone la damu lenye ujazo wa milimita 1 ya mchemraba, mtu mzima mwenye afya ana seli nyekundu zipatazo milioni 5. Seli hizi zikikomaa hazina kiini. Seli nyekundu za kuku na chura zina viini.

6. SELI NDANI YA SELI: KIMELEA CHA MALARIA

Kwa karne nyingi watu walidhani kuwa malaria huletwa na hewa mbaya itokayo kwenye madimbwi. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa kazini nchini Algeria, alitazama kwa hadubini damu ya askari aliyekuwa na homa. Aliona humo viumbe wadogo wakicheza-cheza. Walikuwa vimelea vya malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa nchini India, alivikuta vimelea katika ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake nchini Italia walionyesha kuwa malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jenasi ya Anofelesi.

Kimelea cha malaria ni kiumbe wa seli moja. Kina utando, sitoplazimu na kiini. Mbu jike wa Anofelesi mwenye vimelea akimuuma mtu, vimelea huingia pamoja na mate ya mbu. Huenda kwanza katika ini, wakaongezeka humo. Kisha huingia ndani ya seli nyekundu za damu, wakala himoglobini iliyomo na kuzaana. Baada ya muda seli hupasuka, vimelea vipya hutoka, navyo huingia katika seli nyingine. Katika aina ya malaria iliyo kali zaidi, mzunguko huu huchukua saa 48 hivi.

Sasa waweza kueleza dalili za ugonjwa huu. Homa hupanda seli nyingi zinapopasuka. Mgonjwa huishiwa damu kwa sababu seli nyekundu zinaharibiwa haraka kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza. Mtoto mdogo asiyetibiwa mapema yumo hatarini, maana idadi ya vimelea huongezeka upesi sana.

Katika maabara, mpimaji huchukua tone la damu na kulipaka kwenye slaidi kwa njia mbili. Tone nene humsaidia kupata vimelea hata vikiwa vichache. Utando mwembamba wa damu humsaidia kuona umbo la vimelea na kutambua spishi yake. Hutia rangi, kisha hutazama kwa hadubini inayokuza mara 1000. Vimelea vichanga huonekana kama pete ndogo ndani ya seli nyekundu: duara la pete ni sitoplazimu, na kito chake ni kiini. Siku hizi zahanati nyingi zina pia kipimo cha haraka, ambacho hutambua protini za vimelea katika damu. Lakini hadubini huonyesha vimelea vyenyewe, na huwezesha kuvihesabu.

Si kila homa ni malaria. Nimonia na homa ya matumbo mara nyingi huletwa na bakteria. Homa ya dengi huletwa na virusi, ambavyo si seli na ni vidogo mno hata visionekane kwa hadubini ya kawaida. Dawa ya malaria haiponyi nimonia. Kwa hiyo mwenye homa apelekwe kupimwa mapema, wala asipewe dawa kwa kubahatisha.

7. KUWAPANGA VIUMBE HAI KATIKA MAKUNDI

Kazi ya kuwapanga viumbe kwa kufuata mfanano na tofauti zao huitwa uainishaji. Wanasayansi wamekwisha kuwapa majina viumbe wa spishi zaidi ya milioni 1. Bila mpango hakuna awezaye kuwafahamu.

Katika uainishaji hatutazami mahali kiumbe anapoishi wala jambo moja tu analofanya. Popo huruka, lakini si ndege: ana manyoya ya mnyama, huzaa na kunyonyesha. Nyangumi huishi baharini, lakini si samaki: hupumua kwa mapafu na kunyonyesha mtoto wake. Kupe ana miguu 8, kwa hiyo si mdudu, kwa maana wadudu wana miguu 6.

Zamani viumbe wote waligawanywa katika mimea na wanyama tu. Hadubini ilionyesha kuwa mgawanyo huo hautoshi. Uyoga hauna umbijani, na kuta za seli zake ni tofauti na za mimea. Bakteria hawana kiini kilichozungukwa na utando. Katika kitabu hiki tutatumia himaya 5: bakteria, protista, kuvu, mimea na wanyama. Kimelea cha malaria kimo katika protista.

Msweden Carl Linnaeus, aliyeanza kuchapisha mpango wake mwaka 1735, aliweka utaratibu wa kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini. Neno la kwanza ni jenasi, na la pili huonyesha spishi. Makundi ya uainishaji hupangwa kama anwani. Kama vile twataja nchi, mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji ili kumpata mtu mmoja, ndivyo tunavyompata mbu mmoja:

Himaya: Wanyama
Faila: Athropoda (wenye miguu ya pingili)
Ngeli: Wadudu
Oda: Diptera (wenye mabawa mawili)
Familia: Culicidae (mbu wote)
Jenasi: Anopheles
Spishi: Anopheles gambiae

Mbu wa jenasi tatu wafuatao wanafahamika sana kwetu:
- Anofelesi hueneza malaria. Akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili. Viluwiluwi wake hulala sambamba na uso wa maji.
- Kuleksi hueneza matende. Akitua, mwili wake huwa sambamba na ukuta. Viluwiluwi wake huning'inia kichwa chini, nao hupatikana hata katika maji machafu.
- Aedesi hueneza homa ya dengi. Ni mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana, na huzaliana katika vifuu, makopo na matairi yenye maji.

Hata ndani ya jenasi moja tofauti ni muhimu. Anopheles gambiae hupenda kuuma watu, tena mara nyingi ndani ya nyumba, kwa hiyo chandarua chenye dawa humdhuru sana. Anopheles arabiensis anafanana naye mno hata macho hayawezi kuwatofautisha, lakini yeye huuma ng'ombe pia, na mara nyingi huuma nje. Anopheles stephensi, aliyetoka Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012 na Ethiopia mwaka 2016, na Kenya ilitangaza kuwa naye mwaka 2023. Huyu huzaliana katika matangi ya maji mijini. Anayedhani kuwa kila kiluwiluwi wa tangini ni Aedesi hatamtambua mgeni huyu.

Zoezi la 3: Kutambua viluwiluwi vya mbu

(a) Mkiwa pamoja na mwalimu, choteni maji yenye viluwiluwi kutoka dimbwini na katika chombo kilichoachwa nje. Msichukue maji ya mahali penye konokono, kwa kuwa yaweza kuwa na kichocho, wala ya mferejini au chooni.
(b) Tieni katika chupa mbili za kioo. Fungeni midomo ya chupa kwa kitambaa ili mbu wasitoke.
(c) Acheni maji yatulie. Tazameni jinsi viluwiluwi wanavyokaa karibu na uso wa maji, kisha chora.
(d) Ni wa jenasi gani? Toeni sababu.
(e) Mkimaliza, mwageni maji penye mchanga mkavu na jua kali, kisha nawa mikono kwa sabuni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Viumbe hai wote wana seli moja au zaidi, na kila seli hutokana na seli nyingine.
- Hadubini hukuza vitu visivyoonekana kwa macho.
- Seli za mimea zina ukuta. Seli za wanyama hazina.
- Kimelea cha malaria ni seli moja iishiyo ndani ya seli nyekundu za damu.
- Uainishaji hufuata mfanano na tofauti za viumbe, na hutusaidia kutambua adui wa afya na kuchagua njia ya kumzuia.

MASWALI

1. Lenzi ya jicho hukuza mara 15 na lenzi ya kitu hukuza mara 10. Kitu kimekuzwa mara ngapi?
2. Kwa nini seli za kitunguu ulizozitazama hazikuwa na rangi ya kijani ingawa kitunguu ni mmea?
3. Hooke hakuona viini katika kizibo. Eleza sababu.
4. Tuseme kimelea 1 huzaa vimelea 10 kila baada ya siku 2, navyo vyote huishi na kuzaa vivyo hivyo. Baada ya siku 6 watakuwapo wangapi? Jibu lako linatufundisha nini juu ya kuchelewa kwenda zahanati?
5. Eleza kwa nini mgonjwa wa malaria hupungukiwa damu.
6. Panga viumbe hawa katika himaya zao: uyoga, mhindi, amiba, kupe, popo.
7. Jirani amesema, "Kila homa ni malaria, hakuna haja ya kupima." Andika barua fupi ya kumjibu kwa heshima, ukitumia mambo uliyojifunza katika sura hii.